Stepla ya karatasi 100 inagoma kwenye 70: ninunue kubwa zaidi, au tatizo liko kwingine?

#1 Vitini Mlangoni
Wakuu, habari za kazi.

Nina steshenari ndogo karibu na lango la chuo hapa Morogoro, na kazi yangu kubwa kila muhula ni kutoa vitini vya wanafunzi, ambavyo vingi huwa na karatasi kati ya 60 na 110. Zamani nilikuwa nikivitia spairo, lakini wanafunzi wamekuwa wakilalamikia gharama, hivyo mwezi uliopita nikashuka Kariakoo na kununua stepla kubwa ya mezani ambayo muuzaji aliniapia kwamba inabana kurasa 100. Hadi karatasi 50 inabana vizuri kabisa. Nikifika 70, mguu wa kulia wa pini unapenya na kulala chini kama inavyotakiwa, ila wa kushoto unajikunja juu ya jalada mithili ya ndoana, na nikiung'oa unaondoka na kipande cha jalada. Jana katika vitini 30 nimeharibu majalada 9.

Je, niongeze fedha nichukue ile kubwa zaidi ambayo boksi lake limeandikwa 240, au kuna jambo ninalokosea?

#2 Masjala Mstaafu
Karibu, ndugu. Kabla hatujaenda mbali, naomba utofautishe kurasa na karatasi, kwa sababu karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili ina kurasa mbili. Boksi huhesabu karatasi. Kama muuzaji alisema kurasa 100 na alimaanisha kurasa kweli, basi amekuuzia stepla ya karatasi 50, na hiyo inafanya kazi yake bila kosa lolote.

#3 Rula na Penseli
Mzee wa Masjala ametania, lakini amegusa penyewe. Mimi naomba tupime badala ya kubahatisha. Pini za stepla kubwa huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 23/8, 23/10, 23/13, 23/17 na 23/24. Namba ya kwanza inaeleza unene wa waya, na hapo namba ikishuka waya unazidi kuwa mnene, ndiyo maana pini ya 26/6 ya stepla ya kawaida ni nyembamba kuliko 24/6, na zote mbili ni nyembamba kuliko familia ya 23. Namba ya pili ni urefu wa mguu kwa milimita.

Sasa, karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, na ndiyo maana rimu ya karatasi 500 ukiisimamisha kando ya rula inasoma kama sentimita 5. Karatasi 70 ni milimita 7. Mguu unahitaji takriban milimita 3 za ziada ili ukunjike na kushika. Kwa hiyo pini ya 23/8 inafaa hadi karatasi 50, 23/10 hadi 70, 23/13 hadi 100, na 23/17 hadi 140 hivi. Nina hakika kwenye boksi ulikuta kipakiti cha 23/8 cha majaribio, na ndicho unachotumia hadi leo.

#4 Vitini Mlangoni
Ahsante kwa somo, Rula. Kwa bahati mbaya sivyo. Nimesoma pakiti sasa hivi na ni 23/13. Kuhusu swali la mzee, boksi lina picha ya karatasi na namba 100, hivyo ni karatasi na wala si kurasa. Muuzaji ndiye aliyeteleza ulimi.

#5 Rula na Penseli
Basi hesabu yangu imekutana na mlango uliofungwa. Endeleeni.

#6 Fundi wa Mashine za Ofisi
Ndugu mleta uzi, dalili uliyoieleza haihusiani na urefu wa pini hata kidogo. Pini ikiwa fupi, miguu yote miwili hushindwa kwa pamoja: inapenya lakini haitokezi chini, au inatokeza bila kukunjika. Mguu mmoja tu ukishindwa, tena ule ule kila mara, kosa liko kwenye mashine yenyewe.

Ndani ya stepla kuna bamba jembamba la chuma linaloshuka na kusukuma pini moja kutoka mwisho wa reli. Bamba hilo likilika pembeni, au likilegea kiasi cha kucheza, linasukuma pini kwa upande mmoja kabla ya mwingine, na mguu uliobaki nyuma hukunjika kabla haujaanza kupenya. Kwenye karatasi 20 au 30 huwezi kuligundua, kwa sababu mguu hauna safari ndefu. Fungua reli, itoe pini yote, kisha tazama sehemu ya mbele kwa tochi ya simu. Ukiona ncha ya bamba si nyoofu, umepata jibu. Kadhalika angalia kile kitako cha chini chenye vijishimo viwili vya kukunjia miguu, maana kikisogea hata kidogo, mguu mmoja hukosa shimo lake na kugonga chuma tupu.

#7 Mchapaji wa River Road
Salamu kutoka Nairobi. Namheshimu Fundi, ila stepla yenye umri wa mwezi mmoja haiwezi kuwa imelika bamba. Mimi nimekaa katika biashara ya uchapaji kwa muda, na ningependa kumuuliza mleta uzi swali moja: hizo karatasi unazibana zikiwa moto?

Karatasi inapotoka kwenye mashine ya fotokopi imepita kwenye roli zenye joto kali zinazoyeyushia wino wa unga. Inatoka ikiwa imekauka na kujipinda kidogo kuelekea upande mmoja. Ukikusanya 70 za namna hiyo na kuzigongagonga mezani zikalingana, bado unakuwa na rundo lenye hewa katikati na lililobinuka kwenye kona, yaani pale pale unapotaka kupiga pini. Mguu ulio upande uliobinuka unakutana na karatasi zinazoteleza na kusukumana, nao unapotea njia. Sisi hulaza kazi chini ya kitu kizito angalau saa moja kabla ya kuibana. Jaribu rimu mpya isiyochapwa uone.

#8 Mwalimu wa Zamu
Naunga mkono jibu ambalo bado halijatolewa, nalo ni mkono wa mtumiaji. Shuleni kwetu tuna stepla ya aina hiyo kwa ajili ya mitihani, na kila anayeitumia kwa mara ya kwanza huipiga kwa ngumi kama anayegonga muhuri. Stepla kubwa haitaki kupigwa, inataka kusukumwa. Ukipiga, mpini unashuka ukiyumba upande wa mkono unaotumia, na pini inaingia ikiwa imelala. Ukisimama, ukaiweka kwenye meza ya chini, ukashika mwisho kabisa wa mpini na kuushusha kwa uzito wa mwili bila kusita njiani, inaingia. Mleta uzi anatumia mkono gani? Kama ni wa kulia, nimemaliza.

#9 Vitini Mlangoni
Mimi natumia mkono wa kushoto, mwalimu. Kijana wangu anatumia wa kulia, na ndoana inatokea upande ule ule tukipokezana.

#10 Mwalimu wa Zamu
Basi sijamaliza.

#11 Binti Pangani
Mimi niko pwani na nitawaongezea kero nyingine ambayo watu wa bara hawaijui. Kuanzia masika karatasi huku hunywa unyevu hadi zinakuwa laini kama kitambaa, na pini zikikaa dukani muda mrefu hushika kutu mgongoni. Pini yenye kutu haiteremki sawasawa kwenye reli, bali hukwama, kisha hujirusha. Hata ikiingia vizuri, baada ya miezi kadhaa inaacha doa la kahawia kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Nimeshazoea kuweka pini kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, pamoja na punje za mchele kidogo. Morogoro nako si jangwani. Angalia tarehe na hali ya pakiti kabla hujailaumu mashine.

#12 Masjala Mstaafu
Dada wa Pangani amenikumbusha mbali. Katika masjala tulikatazwa kubana kwa pini kitu chochote kilichokusudiwa kukaa miaka mingi, kwa sababu hiyo hiyo ya kutu. Tulikuwa tukitoboa kona ya juu kushoto na kupitisha tagi, ile kamba fupi yenye vijiti vya chuma kwenye ncha. Faili nene la vidole vitatu unalifungua, unaongeza barua, unalifunga, na hakuna anayechanika vidole. Ninasema haya nikijua kwamba kitini cha mwanafunzi hakikusudiwi kuishi zaidi ya mtihani.

#13 Wakili wa Kona
Nami nasimama upande wa mzee. Ofisini kwetu nyaraka za mahakamani zenye karatasi zaidi ya mia moja ni za kila wiki, na kila zilipobanwa kwa stepla kubwa, ilifika siku zikahitajika nakala nyingine. Kitoa pini cha kawaida hakiwezi waya wa 23. Mwanagenzi wetu alitumia bisibisi, akatoboa kiapo katikati ya sahihi, na kiapo kikabidi kiapwe upya. Sasa tunatumia vibanio vyeusi vya chemchemi hadi hati ikamilike, ndipo inapelekwa kwa mtu wa spairo.

#14 Rula na Penseli
Wakili, mleta uzi ametoka kwenye spairo kwa sababu ya gharama, kama alivyosema katika bandiko la kwanza. Tusimrudishe kijijini alikohama.

Ila nina swali jipya kwake. Umetaja jalada. Jalada lenyewe ni la nini?

#15 Vitini Mlangoni
Ni manila mbele na nyuma, na kwa wanaolipia zaidi naongeza plastiki ngumu inayoonyesha juu ya manila ya mbele.

#16 Rula na Penseli
Hapo sasa! Rundo lako si karatasi 70 tena. Manila moja ina unene wa karatasi mbili au tatu, na plastiki ina ugumu wa peke yake. Pini inapogusa plastiki kabla ya kitu kingine chochote, ncha zake huteleza kabla ya kutoboa, na ule mguu unaochelewa kutoboa ndio unaokunjika. Namba ya kwenye boksi imehesabiwa kwa karatasi tupu.

#17 Fundi wa Mashine za Ofisi
Plastiki ingeteleza kushoto leo na kulia kesho. Nauliza tena, kwa nini ni mguu ule ule?

#18 Duka la Jumla Kariakoo
Wakuu, mimi nauza bidhaa hizi, ingawa si mimi niliyemuuzia mleta uzi. Wateja huniuliza ipi inabana nyingi zaidi, na wachache sana huuliza mambo matatu ambayo mimi huyatazama kabla ya yote.

La kwanza ni pini. Nunua stepla inayokula familia ya 23, kwa sababu zinapatikana mikoani karibu kila duka. Kuna stepla nzuri sana, kwa mfano za Max wa Japani, zinazotumia pini ya namba ya kampuni yenyewe. Hizo zinalaza miguu bapa kiasi kwamba vitini vikipangwa havivimbi kona, lakini pini zikikuishia Morogoro usubiri basi la kutoka Dar. Kwa Kangaro za kutoka Ludhiana, India, namba ya modeli yenyewe inakusaidia: 23S13, 23S17 na 23S24 zinakutajia pini ndefu kuliko zote ambazo mashine inabeba.

La pili ni kina cha mdomo, yaani umbali kutoka pini inapotokea hadi ukuta wa nyuma. Vitini vinabanwa ukingoni, hivyo kina kidogo kinatosha, ila kile kizuizi kinachosogezwa ni muhimu, maana ndicho kinachofanya pini zote zikae umbali mmoja kutoka ukingoni. Kizuizi cha plastiki kinachocheza ni hasara.

La tatu ni mpini. Ukiwa mfupi, utatoka jasho. Mashine kubwa inasaidia kwa sababu mpini wake ni mrefu, na urefu huo ndio unaopunguza nguvu inayohitajika. Kwa kazi ya vitini 30 kwa siku ningemshauri achukue ile ya 240 na aache mjadala.

#19 Mchapaji wa River Road
Namba hiyo ya 240 naomba tuitazame kwa rula ya ndugu yetu wa bandiko la 3. Karatasi 240 za gramu 80 ni milimita 24. Pini ndefu kuliko zote inayoingia humo ni 23/24, yenye mguu wa milimita 24. Inabaki nini cha kukunja?

#20 Rula na Penseli
Haibaki hata nywele. Bila shaka wamehesabu kwa karatasi nyepesi kuliko tunazotumia. Kwa gramu 80 mimi ningeitegemea hadi 210.

#21 Duka la Jumla Kariakoo
Sikatai. Lakini mleta uzi ana 110, si 240.

#22 Mwalimu wa Zamu
Kuna jambo ambalo muuzaji hakulisema. Mashine kubwa haiwi dawa kama mtu atanunua pakiti moja ya pini ndefu na kuitumia kwa kila kitu. Mwenzetu mmoja alitia 23/24 na kubana rundo la karatasi 70. Miguu ilitoka upande wa pili ikiwa na milimita 17 kila mmoja, ilhali mgongo wa pini una kama 13 tu, hivyo kila mguu ulilala na kumpita mwenzake, ncha zikachomoza pembeni. Mwanafunzi wa mstari wa mbele alichanika kiganja akipitisha karatasi nyuma. Atakayenunua ya 240 lazima awe na pakiti nne za urefu tofauti, na kijana wa dukani anayejua ipi ni ipi.

#23 Mpita Njia
Nimesoma mabandiko yote 22 nikitarajia kujua stepla gani ninunue, na nimejifunza kuhifadhi pini kwenye mchele. Katika kusoma kwangu nimewahi kukuta kwamba George McGill wa Marekani alipata hataza ya kifaa chake cha kubana karatasi mwaka 1879, nacho kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na kilibeba pini moja tu kwa wakati, ukishapiga unaweka nyingine kwa mkono. Mleta uzi ashukuru zama zake.

#24 Binti Pangani
Huyo McGill angalau alijua pini yake imenyooka.

#25 Vitini Mlangoni
Wakuu, nimefanya majaribio jioni hii baada ya kufunga duka, na ninaleta matokeo kama yalivyo.

Nilichukua karatasi 70 kutoka rimu mpya, baridi, bila jalada. Pini 10, zote zilipenya sawasawa. Nikaongeza hadi 90, nayo ikapenya, ila ilibidi nisimame kama alivyoelekeza mwalimu. Kisha nikachukua karatasi 70 zilizotoka mashineni muda huo huo, bila jalada pia. Katika pini 10, tatu ziliota ndoana kushoto. Nikaweka manila kwenye zile za baridi, na katika 10 ikaharibika moja. Manila na plastiki juu ya zile za moto, sitaki hata kusema.

#26 Mchapaji wa River Road
Joto. Nilisema katika bandiko la 7.

#27 Rula na Penseli
Jalada nalo limeharibu moja, tena kwenye karatasi baridi. Usijitwalie ushindi wote.

#28 Fundi wa Mashine za Ofisi
Na zote zimeharibika kushoto. Joto halijui kushoto na kulia.

#29 Mchapaji wa River Road
Linajua, mkuu. Karatasi hujipinda kuelekea upande mmoja kulingana na zilivyopita kwenye roli, na mleta uzi huzichukua kutoka kwenye trei na kuziweka kwenye stepla zikiwa zimeelekea vile vile kila mara. Ageuze rundo, abane kwa upande wa nyuma, tuone ndoana itahamia wapi.

#30 Mtunza Maktaba
Nimechelewa kufika. Wakati mnabishana, nawapa njia tuliyotumia kwa majarida mazito kabla hatujapata mashine kubwa. Chukua pini ambayo mguu wake ni mfupi kidogo kuliko unene wa rundo, piga mbili kutoka mbele, geuza, piga mbili nyingine kutoka nyuma zikiwa zimepishana na zile za mwanzo. Miguu haitokezi popote, inashikwa ndani ya karatasi zenyewe. Kisha funika ukingo mzima kwa tepu nyeusi pana. Haishiki kama pini iliyokunjika, ila kwa muhula mmoja inatosha, na hakuna anayechomwa.

#31 Mchapaji wa River Road
Njia hiyo naifahamu, na tepu ndiyo inayofanya nusu ya kazi. Kwa wingi zaidi, mtafute mwenye mashine ya kushona kwa waya. Ile haitumii pini za pakiti, inavuta waya kutoka kwenye gurudumu na kuukata kwa urefu unaolingana na unene wa kazi, hivyo habari za 23/13 na 23/24 hazikuhusu tena.

#32 Vitini Mlangoni
Niwape la mwisho kwa leo. Nilimsikiliza Fundi, nikaitoa reli na kumulika kwa tochi. Bamba limenyooka. Lakini pembeni mwa njia ya pini, upande wa kushoto, nilikuta kipande cha mguu wa pini kilichovunjika, urefu wake kama milimita 4, kimejibana kati ya bamba na ukuta. Nimekitoa kwa sindano. Baada ya hapo nimebana karatasi 70 za moto na manila: pini 10, imeharibika moja, na safari hii ni kulia.

#33 Fundi wa Mashine za Ofisi
Nadhani sina la kuongeza.

#34 Mchapaji wa River Road
Unalo, mkuu. Kama kipande hicho kilikuwemo tangu mwanzo, zile pini 10 za karatasi baridi zilipenyaje zote? Na hiyo moja ya kulia imetoka wapi?

#35 Fundi wa Mashine za Ofisi
Karatasi baridi zilipungukiwa upinzani, kwa hiyo kipande hakikuleta athari. Na moja katika kumi kwa manila ni kawaida.

#36 Rula na Penseli
Yaani jalada.

#37 Duka la Jumla Kariakoo
Mleta uzi, ile ya 240 nikuwekee, au?

#38 Vitini Mlangoni
Isubiri kwanza, mkuu. Niwekee pakiti mbili za 23/15 kama mashine yangu inazikubali, na tepu nyeusi tatu. Kesho nitageuza rundo kama alivyosema ndugu wa Nairobi, na nitalaza kazi ya asubuhi chini ya rimu mbili kabla ya kuibana.

#39 Rula na Penseli
Usinunue 23/15 kabla ya kusoma ubavuni mwa reli. Stepla nyingi za 100 huishia 23/13, na pini ndefu kuliko hiyo haitaingia hata uisukume kwa nyundo.

#40 Vitini Mlangoni
Nimesoma. Inaishia 13. Basi tepu tu.